Nyota zimevutika, nebula haionekani: kutafuta chanzo ukipiga picha kutoka Moshi au Arusha

Katikati ya Januari, mvua za vuli zikishaondoka, Nebula ya Rosette, wingu la gesi angani, huvuka juu ya Moshi kama saa tano na nusu usiku, nyuzi 8 tu kutoka utosini. Nebula ya Orion hupita juu zaidi, nyuzi 2 tu kutoka utosini. Mwanga wake haulazimiki kupenya hewa nene ya upeo wa macho, wala hakuna mlima wa kuukinga. Mtu wa Ulaya anaitafuta Orion juu tu ya mapaa ya majirani. Sisi inatusimamia kichwani.

Hata hivyo, picha za kwanza za wengi wetu hutoka mbaya, na mtu huishia kuilaumu filta au kuamini kwamba ameuziwa darubini mbovu. Nimekaa na fremu zangu na za wenzangu wa Arusha kwa misimu kadhaa, na mara nyingi chanzo kimekuwa kilekile: vifaa hivi na maelekezo yake vimetengenezwa kwa mtu aliye nyuzi 40 au 50 kutoka ikweta. Sisi tuko nyuzi 3 na dakika 20 hivi kusini. Tofauti hiyo inabadilisha namna maunti (kifaa kinachoibeba darubini na kuizungusha ifuate nyota) inavyosimama, jiwe la mizani linavyoning'inia, hata saa unayoiingiza kwenye rimoti. Kwa hiyo nitakwenda kwa dalili, kama fundi anavyosikiliza injini kabla ya kushika spana.

Kabla hujagusa chochote, piga fremu tatu ukitumia filta ya H-alpha (inayopitisha mwanga mwekundu wa hidrojeni tu), darubini ikiwa imetazama mahali pamoja: sekunde 5, sekunde 60, sekunde 300. Zikuze hadi asilimia 100, utazame katikati kisha kona zote nne. Fremu hizo tatu zitakuambia mengi kuliko saa nzima ya kukazakaza skrubu gizani.

Nyota ni mistari mirefu hata kwenye sekunde 60

Kama mstari ni mrefu kiasi kwamba nyota huitambui tena, usianze na ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Kwanza uliza kama maunti inazungukia upande unaotakiwa. Maunti nyingi zina swichi au sehemu ya kuchagua kaskazini au kusini. Mtu anaingiza latitudo 3 akasahau kuweka kusini, motor inazunguka kinyume, na badala ya kuifuata nyota inaikimbia. Anga husogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa (nyuzi 1 ina dakika 60 za tao, na dakika 1 ya tao ina sekunde 60 za tao). Motor ikienda kinyume, nyota inateleza kwa sekunde 30 za tao, mara mbili ya ambavyo ingeteleza motor ikiwa imezimwa kabisa. Hapo ndipo pa kupima: zima motor, piga tena sekunde 60. Kama mstari umefupika kwa nusu, umeshapata jibu.

Nyota ziko sawa kwenye sekunde 5, zimevutika kidogo kwenye 300

Hili ndilo tatizo letu kubwa, nami nitakaa hapa.

Maunti ya ikweta inataka mhimili wake mkuu uelekee ncha ya anga. Huko kaskazini wanaitumia nyota ya Polaris. Kwetu Polaris iko chini ya upeo wa macho, haionekani kabisa, na ncha ya kusini iko juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 3 na kitu. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ina mwangaza wa kipimo cha 5.4 (namba ikikua nyota hufifia), hafifu hata ingekuwa juu. Ikiwa chini namna ile, ndani ya vumbi na moshi wa mabaki ya mahindi yanayochomwa, usipoteze muda kuitafuta. Ile darubini ndogo iliyomo ndani ya mhimili, inayosifiwa sana kwenye vitabu vya maelekezo, hapa kwetu haina kazi.

Kosa la mwelekeo lina hesabu nyepesi. Mhimili ukikosea ncha kwa dakika 1 ya tao, nyota inaweza kuteleza hadi robo ya sekunde ya tao kwa kila dakika ya saa. Ukikosea dakika 5, eksposha ya dakika 5 inakupa mtelezo wa sekunde 6 na nusu za tao. Kwa kamera ya pikseli za mikroni 3.76 kwenye darubini ya milimita 400, kila pikseli ni sekunde 1.94 za tao, kwa hiyo nyota inavutika kwa pikseli 3 na zaidi. Kamera ya kuongoza, ile ndogo inayoitazama nyota moja na kuirekebisha maunti, itauzuia mtelezo huo katikati ya picha, lakini fremu nzima itaendelea kuizunguka nyota inayoongozea. Ndiyo maana ukiona nyota za katikati ni duara na za kona zimepinda kama zinaizunguka sehemu moja, kosa ni la ncha, hata kama grafu ya kuongoza inapendeza.

Kuna njia mbili zinazofanya kazi hapa. Ya kwanza ni programu inayopiga picha tatu huku maunti ikizunguka kwenye mhimili mkuu, inazitambua nyota zilizomo na kukokotoa mhimili umeelekea wapi. Programu ya kompyuta iitwayo NINA ina kiongezo cha aina hiyo, nacho hakihitaji kuiona ncha. Programu zinazotaka kamera itazame karibu na ncha hazitufai, kwa sababu pale pana ukungu, mti, au nyumba ya jirani. Njia ya pili ni ya zamani, ya kutazama mtelezo. Chagua nyota karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) ikiwa inakaribia kuvuka juu kabisa, utazame kama inapanda au kushuka kwenye fremu, kisha rekebisha maunti kushoto au kulia. Halafu chukua nyota iliyo chini mashariki na urekebishe urefu wa mhimili. Usikariri upande wa kuzungusha skrubu. Zungusha kidogo, tazama kama mtelezo umepungua au umeongezeka. Na ukianza kwa dira, iweke mbali na jiwe la mizani na, kama uko juu ya paa la zege, mbali na nondo pia.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo mwongozo wa maunti yangu haukuligusa. Maunti nyingi haziteremki hadi nyuzi 3. Nyingine hukomea kwenye 10, nyingine 15. Kwetu mhimili unakaribia kulala mlalo kabisa, kama mshikaki juu ya jiko, na darubini inazunguka juu yake. Ikikataa kuteremka, inamisha stendi yenyewe: miguu miwili iwe upande wa kusini, mmoja kaskazini, halafu urefushe ule wa kaskazini au uwekee kipande cha mbao. Stendi si lazima iwe sawa kwa pimamaji. Isipokuwa sawa, marekebisho ya juu-chini na kushoto-kulia yataingiliana kidogo, basi.

Miguu miwili kusini ina sababu nyingine pia. Jiwe la mizani kwetu linaning'inia wima, karibu kugusa stendi, na linahitaji kupita katikati ya miguu hiyo miwili. Usiku wangu wa kwanza na maunti nzito niliweka mguu mmoja kusini, kama picha ya kitabuni inavyoonyesha. Saa nne usiku nikasikia motor inabadilisha sauti, ile ya kukoroma ya kifaa kinachosukuma kitu kisichosogea. Nikapiga tochi nyekundu: ukingo wa jiwe la mizani ulikuwa umeegemea bomba la mguu, na rangi nyeusi imekwanguka alama ya urefu wa ukucha. Fremu zote kuanzia hapo zilikuwa na nyota ndefu upande mmoja. Sasa mguu mmoja uko kaskazini, na nimefunga juu yake mfuko wa mchanga, kwa sababu mzigo wote umeinamia kusini na stendi inaweza kupinduka.

Jambo la mwisho hapa: kwenye pembe ndogo namna hii skrubu ya urefu haishiki vizuri. Unairekebisha, unafurahi, na baada ya nusu saa mhimili umezama kidogo kwa uzito. Maliza marekebisho kila mara kwa kuinua, usimalizie kwa kushusha, kaza vifungio, kisha upime tena.

Maunti inakwenda kwenye nyota nyingine kabisa

Kabla ya kushuku gia, tazama saa. Rimoti inataka saa 24 za kimataifa. Saa tatu usiku yetu ni 21:00, na mtu aliyechoka huandika 3. Kosa la saa 6 tu linahamisha anga kwa nyuzi 90. Hata dakika 4 zinaikosesha darubini kwa nyuzi 1. Ukanda wa saa ni +3, sehemu ya kusogeza saa kwa majira ya joto (daylight saving) weka hapana, na angalia kama tarehe inaanza na mwezi au siku. Moshi ni kusini 3°21′, mashariki 37°20′. Arusha ni kusini 3°22′, mashariki 36°41′. Nikiliona tatizo hili huwa sihangaiki nalo: linaisha kwa dakika mbili.

Fremu zilikuwa nzuri, ghafla zikaharibika

Andika saa zilipoharibika. Saa hiyo ndiyo itakayokupeleka kwenye chanzo.

Kama ni dakika chache kabla au baada ya nebula kuvuka juu kabisa, chunguza nyuma ya darubini. Rosette na Orion zinapita utosini kwetu, maana yake kamera, gurudumu la filta na nyaya zake vinashuka moja kwa moja kwenye miguu ya stendi. Kamera yenye gurudumu la filta nyuma ya darubini ndefu hufika pale kwa urahisi. Nguzo fupi ya kunyanyulia maunti juu ya stendi inatatua hili na lile la jiwe la mizani kwa pamoja, na kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nashauri kiwe hicho, kabla ya filta ya tatu. Vinginevyo iamuru programu isimamishe kazi dakika 10 kabla ya kuvuka, igeuze darubini upande wa pili, iendelee.

Kama ni saa yoyote na mkia wa nyota uko upande mmoja katika kila fremu, waya unavuta. Kamata nyaya zote, zifunge pamoja kwenye maunti, uache kitanzi kilegevu, kisha uizungushe darubini kwa mkono kutoka mashariki hadi magharibi ukitazama kama kuna kinachonasa.

Kama nyota zinarukaruka kila upande usiku mkubwa, ni upepo. Hewa iliyopoa juu ya mlima huteremka usiku, na anayepiga picha kwenye miteremko ya Kilimanjaro au Meru huusikia mgongoni. Ishushe stendi: fupisha miguu, kaa nyuma ya ukuta. Ukuta wa matofali upande wa kaskazini unasaidia, na kwa bahati nzuri kaskazini ndiko mlima uliko na kusini ndiko tunakotaka paachwe wazi.

Grafu ya kuongoza ikionyesha mhimili wa pili unachelewa, halafu unaruka na kupitiliza, gia ina mchezo. Fanya kalibresheni karibu na ikweta ya anga, darubini ikiwa inakaribia kutazama juu kabisa, jambo ambalo sisi tunaweza kulifanya usiku wowote. Acha upande mmoja wa darubini, mbele au nyuma, uwe mzito kidogo ili meno ya gia yakae upande mmoja.

Nyota ni duara lakini nene

Fokasi. Kwa darubini ya f/5 kwenye H-alpha, nafasi ambayo picha hubaki kali ni kama mikroni 80, karibu unene wa karatasi moja. Filta tofauti, hata za kampuni moja, mara nyingi hazifokasi mahali pamoja. Usifokasi kwa macho na filta ya kawaida ukadhani OIII (filta ya mwanga wa oksijeni) itakaa palepale. Weka kifuniko cha Bahtinov (chenye mianya inayochora miale ya kupimia fokasi), elekea Sirius au Rigel, piga sekunde 5 ukiwa na filta ileile utakayotumia, na urudie joto linaposhuka. Chuma na alumini hupungua kwa baridi. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, jioni na alfajiri hazifanani hata kidogo.

Ila kama unene unaongezeka polepole kwa saa nzima, na nyota zinafifia huku zikivaa duara la ukungu, huo ni umande. Nenda umulike lenzi ya mbele kwa pembeni. Kwenye mashamba ya migomba juu ya Moshi nimeiona lenzi ikilowa kabla ya saa tatu usiku. Usiifute kwa kanga wala kwa shati: vumbi letu jekundu lina mchanga, litaikwaruza. Funga mkanda wa kupasha joto nyuma ya lenzi tangu mwanzo, kwa moto mdogo, na urefushe kofia ya mbele hata kwa jalada la plastiki jeusi. Umande ukiwa ndani, mbele ya kihisi cha kamera, utaona doa la ukungu katikati ya picha. Hapo badilisha silika ya kukausha ndani ya kamera na uipoze taratibu.

Picha imejaa chenga, nebula haipo

Ukiwa na kamera ya kawaida ya picha ambayo haijafanyiwa marekebisho, kioo cha kiwandani kilicho mbele ya kihisi kinazuia sehemu kubwa ya mwanga wa 656.3 nanomita, ambao ndio H-alpha yenyewe. Filta nzuri haiwezi kurudisha mwanga uliokwisha kuzuiliwa.

Ukiwa na kamera ya kupozwa, tazama urefu wa eksposha. Filta ya mkanda mwembamba inatupa karibu mwanga wote wa anga, na ndiyo kazi yake. Lakini anga likiwa jeusi hivyo, fremu ya sekunde 30 inatawaliwa na chenga za kamera yenyewe inaposoma kihisi. Histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) ikiwa imegandamana na ukuta wa kushoto, ongeza hadi sekunde 180, 300, hata 600 kama maunti inastahimili. Halafu kusanya saa. Kupunguza chenga kwa nusu kunataka muda mara nne: aliyepiga saa 1 na hakuridhika ahesabu saa 4. Usiku mmoja hautoshi, na hakuna aibu kurudi Rosette usiku tano mfululizo.

H-alpha ikitoka vizuri na OIII ikawa tupu, sababu hutofautiana. Mwezi ni wa kwanza. Mwanga wake hutawanyika zaidi upande wa buluu, na OIII iko kwenye 500.7 nanomita, kijani kinachoelekea buluu. Mwezi ukiwa mpevu piga H-alpha na SII (mwanga wa salfa), OIII itunzie usiku wa giza. Taa nyeupe za LED zinazoongezeka mjini nazo zinaiumiza OIII kuliko H-alpha. Lenzi yenye kasi ya f/2 inaweza pia kuuhamisha mkanda wa filta, kwa sababu miale inaingia kwa mshazari. Kwa lenzi hizo kuna filta maalumu, na filta ya nanomita 3 ya kawaida itakuangusha. Halafu kuna nebula ambazo kwa kweli hazina OIII nyingi. Kabla ya kulaumu chochote, elekea Nebula ya Carina, ambayo katikati ya Februari hupita kusini kama saa saba na nusu usiku, nyuzi 33 hivi juu ya upeo wa macho. Ikitoka pale, filta ni nzima.

Ukichanganya SII kwenye nyekundu, H-alpha kwenye kijani na OIII kwenye buluu, kama ilivyofanyika kwa picha ya Hubble ya nguzo za nebula ya Eagle mwaka 1995, usishangae picha yote ikiwa kijani. H-alpha ina nguvu kuliko wenzake. Ng'arisha kila mmoja peke yake kwanza, zifikie kiwango kinachofanana, ndipo uchanganye.

Kuna mng'ao upande mmoja

Mng'ao ukikaa kona ileile ya fremu hata baada ya darubini kugeuzwa upande wa pili, unatoka ndani ya kamera. Fremu za giza, zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa, zenye muda na joto sawa na picha zako zitauondoa. Mng'ao ukihamia kona ya mkabala baada ya kugeuza, unatoka nje: taa, mwezi, au mwanga unaopenya kwenye maungio. Ziba kila taa ndogo ya kifaa kwa utepe mweusi, na mlinzi umpe tochi nyekundu mapema.

Kwangu ulihama. Ulikuwa unaonekana kwenye OIII tu, unakuja na kuondoka, nami nilibadilisha mpangilio wa filta usiku tatu kabla ya kunyanyua macho na kuiona taa ya usalama ya mama jirani, yenye kuwaka kila paka anapopita. Kesho yake nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kwema?"

"Kwema mama. Nina ombi dogo. Ile taa ya ukutani inanimulika kwenye darubini."

"Nikizima, na wezi je?"

"Usizime. Tuiinamishe tu, itazame geti."

Nikaleta ngazi, tukaiinamisha. Geti likamulikwa vizuri kuliko mwanzo. Usiku wa pili akapanda darini kwangu na kanga mabegani, nikamwonyesha fremu ya dakika 5, Rosette ya kijivu na tundu lake katikati.

"Hili ua liko wapi?"

"Hapo juu, mama. Juu ya nyumba yako."

Akatazama juu muda mrefu, pale ambapo jicho halioni chochote zaidi ya nyota chache hafifu.

Michirizi ya mshazari, pete, madoa, kona

Chenga zinazojipanga kama mvua ya mshazari baada ya kupandanisha fremu (kuziunganisha ziwe picha moja) zinatokana na darubini kuteleza kidogokidogo upande mmoja usiku kucha. Iamuru programu isogeze darubini pikseli kadhaa bila mpangilio kati ya fremu. Wengi huita ditha. Ni dawa ya uhakika, na kwa kamera isiyopozwa siwezi kupandanisha bila hiyo.

Pete kubwa ya mwanga kwenye nyota angavu kama Alnitak inatoka kwenye filta, miale ikirudi na kurudi kati ya vioo. Geuza filta upande wa pili ujaribu. Isipopungua, ni ubora wa filta. Nyota zilizovutika kuelekea nje kwenye kona zote nne zinasema umbali kati ya kirekebishi (lenzi ya kunyoosha kona za picha) na kihisi haujatimia: mara nyingi ni milimita 55, na filta yenye unene wa milimita 2 inataka uongeze kama 0.7. Kona moja tu ikiwa mbaya, kamera imeinama.

Madoa ya duara yenye tundu katikati ni vumbi, na mwezi Septemba barabara za huku hazikosi vumbi. Fremu za mwanga sawa, zinazopigwa mbele ya uso mweupe unaong'aa sawasawa, zinayafuta, mradi usiizungushe kamera wala kubadilisha fokasi sana kabla ya kuzipiga. Kwa filta nyembamba zinataka mwanga mkali au sekunde kadhaa. Simu yenye skrini nyeupe haitoshi kwa SII.

Kamera inakatika, joto halishuki

Umeme ukikatika katikati ya fremu ya 20 unapoteza zaidi ya fremu hiyo: maunti inasahau iko wapi. Piga picha kwa betri tangu mwanzo, na umeme wa nyumbani uwe wa kuichaji mchana. Betri ya sola ya risasi ya saa-ampia 100 ihesabie nusu tu. Kamera inapopoza kwa nguvu zote, mikanda ya umande na motor vikifanya kazi, volti hushuka kwenye waya mwembamba, na dalili ya kwanza ni waya wa USB "kukatika" bila sababu. Pima volti mwishoni mwa waya, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Kwenye betri kwenyewe utaona 12.6 na kudanganyika. Waya mnene, mfupi, umemaliza matatizo mengi ambayo watu waliyaita ya kompyuta.

Kamera nyingi hupoza nyuzi 35 hivi chini ya hewa. Moshi, Januari, hewa ikiwa 25, −20 haifikiwi. Ukilazimisha, joto linapandashuka na fremu za giza hazilingani tena. Weka −5 usiku wote na utengeneze maktaba ya fremu za giza kwa joto hilo.

Mistari minyoofu kutoka mashariki hadi magharibi

Satelaiti za chini hukatiza pande zote, na programu ya kupandanisha kama Siril inazifuta ukiwa na fremu za kutosha, kumi na tano hivi na kuendelea. Lakini kuna nyingine. Satelaiti za mawasiliano zilizosimama juu ya ikweta, sisi ziko juu ya vichwa vyetu, na mstari wao unaonekana nusu ya nyuzi hivi kaskazini mwa ikweta ya anga. Kwa kuwa darubini inafuata nyota, zenyewe ndizo zinazochora mstari: nyuzi 1 na robo katika dakika 5. Kwenye filta nyembamba mara nyingi hazionekani. Utakapopiga RGB (filta za nyekundu, kijani na buluu) kwa ajili ya rangi za nyota za ukanda wa Orion, ndipo zinajitokeza. Shusha fremu hadi ukingo wake wa kaskazini uwe nyuzi 1 kusini mwa ikweta ya anga. Nebula ya Kichwa cha Farasi, iliyo nyuzi 2 na nusu kusini, inabaki ndani.